Acheni Kufukia Makorongo kwa Takataka

Kuna desturi kwenye mashamba ya kondoo inayoniudhi. Korongo likishaanza kula malisho, mwenye shamba analigeuza jaa: matairi, mabati, seng'enge chakavu, hata gari bovu. Anaamini maji yatakwama. Hayakwami. Yakikuta rundo katikati yanalizunguka, yanakata ukingo, na baada ya masika korongo limepanuka huku takataka zikiwa palepale, zikingoja kunasa kondoo mguu.

Korongo hukua kinyumenyume, kuelekea yanakotoka maji. Kichwani mwake maji huporomoka, yakachimba chini ya ukuta, nao ukikosa pa kuegemea unabomoka. Ukihangaika na mkia wakati kichwa kinazidi kupanda mlima, unapoteza nguvu. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza itumike juu ya korongo: kupumzisha malisho hadi nyasi zishike, na kuhamisha geti au birika linalowavuta kondoo hapo. Kondoo hupita njia ileile kila siku, na njia inayoshuka mteremko moja kwa moja ni mfereji tayari. Geti likihama, njia nayo inahama.

Vizuizi vya mawe au matawi vinafaa, mradi vijengwe kwa akili. Katikati pawe chini kuliko pembeni, ncha zizamishwe ndani ya kingo, na upande wa chini patandikwe mawe ya kupokea maji yanayoanguka. Mgongo wa kizuizi cha chini uwe usawa mmoja na kitako cha kile kilicho juu yake. Vidogo vingi navipenda kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu kikubwa kikishindwa hushindwa kwa kishindo.

Kabla ya kuita trekta, dondosha kibonge cha udongo mkavu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Baada ya saa chache maji yakiwa yamechafuka kuzunguka kibonge, udongo huo hutawanyika wenyewe, mara nyingi kwa sababu ya sodiamu nyingi. Ukiuchimba ovyo, maji yatatoboa njia chini kwa chini. Hapo jasi, yaani madini ya kalsiamu yanayotuliza udongo wa sodiamu, pamoja na nyasi vitakusaidia kuliko tingatinga.

Sasa ardhi oevu, ambayo wengi huiona kuwa eneo lililopotea. Korongo likiifikia, linaikausha: maji ya ardhini yanashuka, udongo mweusi wa mboji unasinyaa na kupasuka, na chemchemi iliyokuwa ikitiririka kiangazi inakatika. Milima ya Lesotho, nchi ya sufu, inaonyesha haya waziwazi. Malisho kupita kiasi yameumiza maeneo chepechepe yanayolisha mto Senqu, ambao mbele huitwa Orange. Nako New Zealand, upande wa Gisborne, misitu ilifyekwa kupisha malisho ya kondoo, na makorongo kama Tarndale yamekuwa makubwa kiasi kwamba hakuna ukuta wa kuyazuia. Kimbunga Bola mwaka 1988 kiliwafanya wengi huko wakubali kurudisha miti mahali ambapo nyasi pekee zilishindwa.

Wafugaji watanijibu kwamba kinamasi huleta mnyoo wa ini na kuoza kwato, kwa hiyo dawa ni kukichimbia mtaro. Ugonjwa ni wa kweli. Konokono anayebeba mnyoo huyo hupenda tope la pembezoni. Ila mtaro unaharakisha maji kwenda kwenye korongo lilelile unalolilalamikia. Uzio unamtenga kondoo na tope bila kugusa maji, na birika likiwekwa mbali, juu pakavu, hana sababu ya kushuka. Uzio ni wa lazima zaidi kiangazi, kwa kuwa majani mabichi huwa yamebaki hukohuko kwenye konokono.

Sisemi geti la uzio wa kinamasi lifungwe milele. Magugu yakizidi, waingize kondoo siku chache ardhi ikiwa ngumu, kisha uwatoe kabla nyasi hazijafika chini, na umwulize daktari wa mifugo kuhusu dawa ya mnyoo wa ini, maana si kila dawa ya minyoo inamuua.