Feni kuzunguka sio ushahidi kwamba pawa saplai ni nzima

Wiki iliyopita mdogo wangu kaja na kompyuta yake kaifunga kwenye shuka, uso umemshuka, hata salamu hajamaliza ananiambia "Dada, madabodi nimeshabadilisha na bado inazima." Nikamuuliza madabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayounganisha vifaa vyote, umebadilisha kwa sababu gani? Akasema fundi kapima pawa saplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme, kaikuta nzima, kwa hiyo kilichobaki ni madabodi. Nikamuuliza kaipimaje. "Kachukua kijiwaya kachomeka kwenye ile plagi kubwa, feni ikazunguka."

Hapo ndo roho iliniuma na ndo sababu naandika hii, maana sio mara ya kwanza naisikia na kila nikiisikia kuna mtu ametoa pesa ambayo hakutakiwa kuitoa.

Jamani tuelewane. Ile plagi ya pini 24 ina waya mmoja wa kijani. Ukiugusisha na mweusi wowote unakuwa umefanya kazi ambayo madabodi huifanya ukibonyeza kitufe cha kuwashia, yaani unaiambia pawa saplai amka. Basi, inaamka. Feni inazunguka kwa sababu feni inataka wati mbili tatu tu, na hakuna kitu kingine chochote kilichounganishwa. Punda humpimi nguvu akiwa amesimama zizini, unamtwika mzigo ndo unajua. Kipimo cha kijiwaya kina faida upande mmoja tu, kwamba isipoamka kabisa basi kwa kawaida imekufa, iondoe. Ila ikiamka hujajua kitu, hujajua volti zikoje, hujajua itabeba nini, hujajua kama kapasita zake, vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme, zimevimba, hujajua chochote.

Na dalili za huyu kijana zilikuwa zinajieleza zenyewe. Kuandika, kuangalia video, siku nzima haina shida. Akifungua gemu, dakika tano au kumi, giza. Sio kuganda, sio skrini ya bluu, sio ujumbe wowote, umeme unakatika ghafla kama mtu kachomoa waya ukutani. Ukiingia kwenye kumbukumbu za Windows unakuta Kernel-Power 41, na hiyo nayo watu wanaisoma vibaya, inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu, haisemi nani kaizima. Lakini mashine inayozima pale tu kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, inapoanza kufanya kazi ya kweli inakuonyesha pa kuanzia. Na pa kuanzia sio madabodi.

Nikaifungua. Nikachukua multimita, kile kifaa cha kupimia volti, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa plagi ya moleksi iliyokuwa haitumiki, nyekundu kwenye waya wa njano, ambao ndo wa volti 12. Kompyuta imewaka imetulia: 11.87. Sio mbaya. Kiwango cha ATX, ambacho pawa saplai za kompyuta hizi zinafuata, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo kwenye 12 unatakiwa uwe kati ya 11.4 na 12.6. Nikamwambia fungua gemu lako. Inapakia, 11.7. Gemu limeanza, 11.55. Akaingia sehemu yenye milipuko na moshi, namba inashuka mbele ya macho yetu wote wawili, 11.4, 11.3, 11.2 na kitu, tik, giza. Akaniangalia hakusema kitu. Na kumbuka multimita ya kawaida ni ya polepole, inakupa wastani, mishuko ya haraka ya ndani ya sekunde haiioni kabisa, kwa hiyo hali halisi inawezekana ilikuwa mbaya zaidi ya hiyo tuliyoiona.

Nikachomoa pawa saplai ya kompyuta yangu nikaifunga pale, na nyaya zake zenyewe. Saa mbili mfululizo gemu linakwenda, 12.05 haitingishiki. Afu nikarudisha madabodi ya zamani, ile iliyoambiwa imekufa. Ikawaka. Ikacheza. Ilikuwa nzima siku zote. Kijana aliweka akiba miezi anunue kitu ambacho tayari alikuwa nacho.

Sasa nataka tuongee kuhusu stika, kwa sababu tatizo lilianza siku alipoinunua ile pawa saplai kwa kuangalia namba kubwa ya mbele. Imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Geuza ubavuni usome lile jedwali dogo ambalo watu hawalisomi: 3.3V ampea 28, 5V ampea 30, 12V ampea 20. Fanya hesabu, wati ni volti mara ampea. 3.3 mara 28 ni 92. 5 mara 30 ni 150. 12 mara 20 ni 240. Ongeza na ile ndogo ya stendibai, ya kompyuta ikiwa imezimwa, na ya volti hasi 12, unapata karibu 500, namba ya mbele imetimia. Lakini kompyuta ya leo haili hivyo! Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inakula kutoka kwenye 12, madabodi ndo inaushusha ule umeme mpaka volti moja na kitu. Kadi ya grafiki inakula karibu wote kutoka kwenye 12. Feni, 12. Zile ampea za 5 na 3.3 zinabaki kwa SSD, USB na vitu vidogo vidogo, na zaidi ya nusu yake haitaguswa siku yoyote. Ule mgao ni wa enzi ambazo prosesa ilikuwa inalishwa kutoka kwenye 5, kabla Pentium 4 haijaja mwaka 2000 na ile plagi ya pini nne za volti 12 juu ya madabodi. Zaidi ya miaka 20 imepita na bado kuna watu wanatengeneza hivyo na kubandika 500W mbele.

Kwa hiyo mdogo wangu hakununua wati 500. Alinunua wati 240. Prosesa yake ni Ryzen 5 3600, imeandikwa wati 65 ila yenyewe inaruhusiwa kuvuta mpaka 88 kwenye soketi yake ya madabodi. Kadi ni RTX 3060, wati 170. Hizo mbili tu ni 258, hatujahesabu feni, hatujahesabu diski, hatujahesabu madabodi yenyewe. Alikuwa amezidiwa kabla hajabonyeza kitufe, na hapo bado nimeikubali ile stika kwamba ampea 20 ni za kweli na inaweza kuzitoa ikiwa imepata joto.

Naombeni sana, hata ukisahau vyote nilivyoandika hapa, soma mstari wa 12V. Pawa saplai ya siku hizi iliyotengenezwa vizuri, wati zake za 12V zinakaribia sawa na wati zote. Yangu ni 550, na kwenye 12 imeandikwa ampea 45, yaani 540. Hiyo ndo namba mtu anayekuheshimu anakuandikia. Ukikuta imeandikwa 600 na kwenye 12 unapata 250, rudisha kwenye rafu uondoke.

Na uache nafasi. Kadi za grafiki zina mishtuko, sehemu ndogo sana ya sekunde inavuta zaidi ya wati ilizoandikiwa, afu inarudi. Ndo maana ATX 3.0 ya mwaka 2022 ikaja na masharti kwamba pawa saplai kubwa za kundi hilo zivumilie mpaka mara 2 ya wati zake kwa maikrosekunde 100. Mashine inayokula 300 ipe 550 ya kweli, itafanya kazi bila kuhema, itapoa, itadumu. Na hapana, kubwa haikuongezei bili, 850W haivuti 850 kama kompyuta yako inahitaji 300.

Kuhusu 80 PLUS, ile alama ya ubora wa kutopoteza umeme inayobandikwa kwenye pawa saplai, nakubali kwa shingo upande kwamba inasaidia, angalau mtu ameipeleka ikapimwe. Lakini inachopima ni upotevu tu. Daraja lake la Bronze ikiwa nusu ya mzigo inafika asilimia 85, kwa hiyo ukitumia 300 ukutani unavuta kama 353, zile 53 ni joto. Haikuambii kapasita za ndani zinavumilia joto la digrii 85 au 105, haikuambii kama ina kinga ya shoti na ya kuzidiwa. Hiyo ya mdogo wangu angalau ilikuwa inajizima, zipo ambazo hazijizimi, zinakwenda na madabodi, kadi na diski pamoja.

Sisemi kila kompyuta inayozima ni pawa saplai. Prosesa ikichemka inazima pia, RAM mbovu inasumbua, kitufe cha mbele cha keisi kikikwama utahangaika wiki nzima, na kuna wakati ni ekstenshen tu imelegea. Anza na hivyo vya bure. Ila ukifika kwenye kutoa pesa, azima kwanza pawa saplai nzima ya mtu ujaribu, kabla hujanunua chochote.

Na ukiazima, azima na nyaya zake. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu limeua diski nyingi: pawa saplai zile ambazo nyaya zake ni za kuchomeka na kuchomoa, plagi ya upande wa pawa saplai haina kiwango cha pamoja, kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka, hata matoleo mawili ya kampuni moja yanaweza kutofautiana. Waya unaingia vizuri kabisa, unatoshea, afu 12 inakwenda palipotakiwa 5 na picha za familia zimeondoka. Na usiifungue pawa saplai yenyewe, ile kapasita kubwa ya ndani inashika volti zaidi ya 300 hata ukiwa umechomoa ukutani.

Nyuma pia kama kuna kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, kiangalie kama kimekaa kwenye volti za umeme wa kwenu kabla hujachomeka.

Tumempatia nyingine, 12V ampea 45, nzito mkononi mpaka akashangaa, ile ya zamani ukiinyanyua ni kama boksi tupu. Madabodi mpya anajaribu kuiuza. Ile pawa saplai alitaka kumpa rafiki yake, anasema si kwa kompyuta ya ofisini tu haitacheza gemu, nikakataa, nikachukua koleo nikakata nyaya zote pale pale kwenye shina kabla hajaondoka.