Kuvalisha Ukuta Mbao: Tundu na Ulimi, au Skrubu?

Ukitaka kuvalisha ukuta wa sebule mbao hapa Kisumu, mabishano huanza kabla ubao haujakatwa. Seremala wa siku nyingi pale soko la Kibuye atashikilia kwamba fremu isiyo na tundu na ulimi, yaani ncha ya kipande kimoja kuchongwa iingie kwenye tundu la kingine, ni kazi ya kulipua. Kijana mwenye drili atamcheka: piga skrubu za mshazari kwa nyuma, tia gundi, umemaliza.

Naona wote wawili wanabishania nguvu, na ukuta hauhitaji nguvu. Mlango hubamizwa kila siku, kiti hukaliwa na watu wa kila uzito. Paneli imeegemea ukuta, haibebi kitu. Kinachoiharibu ni unyevu. Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Ubao wa saiprasi wa milimita 150 ukipoteza asilimia 4 ya unyevu hupungua kama milimita moja na nusu. Ukigandisha mbao 12 kwa gundi zikawa kitu kimoja, hizo ni karibu sentimita 2 zinazotafuta pa kutokea, na zitatokea kwa kupasua. Sisi tuna ziwa, tuna mvua za Machi hadi Mei, halafu Januari ya kukausha hadi midomo. Na mbao nyingi tunazouziwa bado ni mbichi.

Ndiyo maana siwadharau wanaotumia mbao za ulimi na mfereji, zilezile za kupiga dari. Msumari unaingia mshazari upande wa ulimi tu, mfereji wa ubao unaofuata unauficha, gundi hakuna. Kila ubao unasinyaa kivyake. Ila ulimi ukiwa mfupi na mbao mbichi, utachomoka, na saruji itakuchungulia katikati ya mbao.

Kwenye mtindo wa fremu na paneli, yaani ubao mpana uliozungushiwa fremu, ndiko hoja ya fundi mzee ina uzito. Miisho ya mbao hunyonya gundi, kwa hiyo kuunganisha mwisho wa ubao mmoja na ubavu wa mwingine kwa gundi peke yake ni kujidanganya. Skrubu inasaidia, lakini katika saiprasi ukikaza kupita kiasi nyuzi zinasagika, na mara nyingi inavuta kipande kikapanda juu ya mwenzake, ukabaki kupiga randa kusawazisha. Kwa MDF, ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, hali ni mbaya zaidi: skrubu kwenye ukingo huipasua matabaka. Hata hivyo, kumwambia mtu wa kazi ofisini achimbe matundu ya ukuta mzima kwa patasi ni kumfukuza kwenye kazi yenyewe.

Mimi ningechukua njia ya katikati. Chimba mfereji wa milimita 6 kwa upana na 10 kwa kina kwenye ukingo wa ndani wa fremu yote, kwa ruta (mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao) au msumeno wa meza. Mfereji huohuo unashika paneli, na huohuo unapokea ulimi mfupi uliochongwa kwenye miisho ya vipande vya kulala. Gundi iende kwenye ndimi hizo tu. Paneli iache huru, uikate pungufu kwa milimita 2 au 3 kila upande. Kwa mlango kiungo hicho ni dhaifu. Kwa ukuta kinatosha na kubaki.

Skrubu nazo zina mahali pake: kushikiza fremu nzima kwenye vibao vyembamba vilivyofungwa ukutani kwanza. Vibao hivyo huacha nafasi ya hewa nyuma, na siku mchwa au bomba likisumbua unafungua bila kuvunja.

Halafu kuna jambo ambalo wenye haraka huliruka: paneli ipakwe rangi au vanishi kabla ya kuingizwa kwenye fremu. Ukiipaka ikiwa imeshaingia, ukame wa kwanza utaisinyaza, na kando yake utatokea mstari wa mbao nyeupe ambao haukuguswa na brashi.