Bunduki za Kale za Vita: Zipigwe au Zipumzishwe?

Ukishika Mauser 98k ya zamani, bunduki ya jeshi la Ujerumani, anza kuangalia mzizi wa mkono wa bolti, kile chuma kinachovutwa na kusukumwa kuingiza risasi. Hapo pamegongwa namba. Inatakiwa ifanane na iliyo kwenye mtutu na kwenye mwili wa bunduki, na katika zile za mwanzo utakuta tarakimu mbili za mwisho hata kwenye vichwa vya skrubu. Zikifanana zote, bunduki hiyo ina kila dalili ya kubaki na vipande ilivyotoka navyo kiwandani. Zikipishana, huenda ilitekwa na jeshi la Kisovieti, ikafunguliwa pamoja na maelfu ya wenzake, ikapewa bolti yoyote iliyokuwa karibu na kuchorwa namba mpya kwa kalamu ya umeme.

Mabishano ya wapenzi wa bunduki hizi, zile za kukoki kwa mkono kila baada ya risasi, yanaanzia kwenye namba hizo. Kuna wanaosema zitunzwe, zisipigwe tena. Wengine wanasema bunduki isiyopigwa haijulikani. Nazungumzia wenye vibali na wanaolenga shabaha mahali panaporuhusiwa. Mimi nina upande wangu, ila nianze na hoja za wale ninaotofautiana nao, maana ni nzito.

Wao wanaiona bunduki kama hati. Bunduki ya M39 ya Ufini ilijengwa juu ya miili ya Mosin, bunduki ya jeshi la Urusi, iliyotengenezwa huko enzi za Tsar, mfalme wa Urusi, na ukiifungua unaweza kukuta mwaka wa karne ya 19 chini ya muhuri wa jeshi la Ufini. Bunduki nyingi za Arisaka za Japani zina kovu juu ya chemba, mahali risasi inapokaa, pale ua la krisanthemu la mfalme liliposagwa baada ya nchi kusalimu amri mwaka 1945. Kila alama ni habari. Ukiipiga bunduki ya namna hiyo na kitako kikapasuka, au kile kichuma kinachochomoa ganda kikavunjika, utapata kingine, lakini habari imekatika.

Kuna pia suala la usalama, na hapa sina ubishi. Springfield M1903 za Marekani, zile za kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000, na za kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507, zina sifa mbaya ya chuma kinachovunjika kama kigae. Mafundi wa wakati huo walikadiria joto la chuma kwa kuangalia rangi yake kwa macho. Siku ya jua kali chuma kilionekana baridi kuliko kilivyokuwa, wakakizidisha moto. Bunduki hizo zikae kabatini. Na yoyote yenye bolti ya kupachikwa ipimwe kwanza kwa geji, kujua kama bolti ikifungwa inalishika ganda sawasawa ndani ya chemba.

Hoja kwamba kupiga kunaua mtutu ndiyo siikubali kirahisi. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki, kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda, zenye kemikali inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu. Mafuta hayaiyeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoiondoa. Mimina maji ya moto, kausha vizuri, ndipo upake mafuta. Mitutu mingi iliyoliwa ndani haikuharibiwa na risasi, iliharibiwa na mtu aliyechoka jioni ile akasema ataisafisha kesho.

Sasa upande wangu. Kuna mambo ambayo macho hayawezi kukueleza. Kabla ya vita vya 1914 askari wa Uingereza alifundishwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja, shabaha ikiwa yadi 300. Ukisoma tu unaona ni chumvi ya wasimulizi. Shika Lee-Enfield, bunduki ya askari huyo, begani: mkono wa bolti uko karibu kabisa na kifyatulio, mzunguko wake ni mfupi, springi inakazwa wakati wa kusukuma mbele, na magazini inabeba risasi 10. Baada ya risasi chache kiganja chenyewe kinaelewa. Hamia kwenye Mosin yenye mkono mfupi uliochomoza pembeni, ambayo ikishapata moto wakati mwingine bolti inataka kusukumwa kwa kofi, na utajua askari wake alikuwa akipambana na nini.

Au chukua Gewehr 98 ya Ujerumani yenye vilengeo ilivyoingia navyo vita vya 1914. Alama ya chini kabisa ni mita 400. Ukilenga shabaha ya mita 100 risasi inapanda juu. Waliotengeneza vilengeo hivyo waliwaza vita vya mbali, vikosi vizima vikimimina risasi uwandani. Handaki hawakuliona.

Kwa hiyo ninavyoamua ni hivi: Mosin zilitengenezwa kwa makumi ya mamilioni, na nyingi zilishapita karakana za ukarabati. Hizo zipigwe, maana hali yao ya mwanzo ilishaondoka zamani. Ile ambayo haijaguswa, yenye namba zote na vumbi lake, iachwe. Adui wa kweli wa bunduki hizi ni msasa na msumeno. Baada ya 1945 nyingi zilikatwa vitako na mitutu ziwe za kuwindia, na simlaumu mwindaji wa wakati ule. Kwake ilikuwa zana ya bei nafuu. Anayefanya hivyo leo ndiye anayeniuma, akifuta kwa vanishi mikwaruzo na alama za visu ambazo pengine ndizo pekee alizoacha kijana aliyeibeba.

Na kwa aliye na bunduki ya katikati, si ya jumba la makumbusho na si ya kawaida: pima chemba, piga picha kila muhuri, tafuta risasi za kisasa zisizo na chumvi. Vua kile kichuma cha kuchomolea ganda cha asili, funga cha akiba, na cha asili kiweke kwenye mfuko ulioandikwa namba ya bunduki yake.