Beseni la maji baridi halimfaulishi mtu

Ile picha imeanza kuzunguka tena. Mwanafunzi kainamia daftari usiku wa manane, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji baridi ili usingizi usimchukue, na chini yake mtu kaandika: "Hawa ndio wanaofaulu." Kwenye kundi letu la wazazi ilipokelewa kwa shangwe. Mama mmoja akasema atamwonyesha mwanawe asubuhi hiyohiyo. Masikini mtoto wa watu.

Sigombani na bidii. Kinachonikera ni huu ugonjwa wetu wa kupima usomaji kwa mateso. Tunauliza kakaa saa ngapi, kakesha mara ngapi, jua limemkuta mezani au kitandani. Kilichobaki kichwani hakiulizwi na yeyote. Saa zinahesabika na macho mekundu yanaonekana, basi tunasifia tunachokiona.

Hebu tumwangalie huyo wa beseni anafanya nini. Anarudia kusoma, nina uhakika. Ukurasa wa Jumatatu anausoma tena Alhamisi, safari hii na zile kalamu za rangi za kung'aa: njano kwa maana, pinki kwa tarehe, kijani kwa kuwa ilikuwemo kwenye paketi. Daftari linapendeza kweli. Wala hayuko peke yake. Mwaka 2009 Karpicke, Butler na Roediger, watafiti wa saikolojia, walichapisha majibu ya wanafunzi 177 wa chuo kikuu Marekani waliowauliza wanasomaje. Zaidi ya asilimia 80 walisema hurudia kusoma madaftari na vitabu. Waliosema hufunga kitabu na kujaribu kukumbuka walikuwa kama asilimia 11 tu. Hao ni watu waliokwisha kufika chuo kikuu!

Kurudia kuna raha yake, na hapo ndipo penye mtego. Mara ya tatu macho yanateleza tu, kila sentensi unaitambua, unajiambia hii ninayo. Huna. Kulitambua jibu likiwa mbele yako ni kazi moja, kulitoa kichwani karatasi ikiwa nyeupe ni kazi nyingine kabisa, na chumba cha mtihani kinadai hiyo ya pili.

Asiyeniamini mimi aende kwa Roediger na Karpicke wenyewe, jaribio lao la mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilipewa vipindi vinne mfululizo vya kusoma kifungu kimoja cha habari. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja tu cha kusoma, kisha kifungu kikaondolewa na mara tatu wakaandika kila walichokumbuka, bila hata kusahihishiwa. Baada ya dakika tano, warudiaji waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Warudiaji walikumbuka asilimia 40, waliojipima 61. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba walipoulizwa mapema kila mmoja atakumbuka kiasi gani baada ya wiki, warudiaji ndio waliojiamini zaidi.

Haya, nakubali kwa shingo upande: zile asilimia 83 ni za kweli. Ukibukua usiku kucha kwa ajili ya mtihani wa kesho asubuhi, unaweza ukapenya. Ndiyo maana tabia hii haifi. Inalipa kidogo, papo hapo, kisha wiki ya pili mwalimu anauliza lilelile na darasa zima linatazama dari.

Nilisoma na binti mmoja aliyekuwa akiufundisha ukuta. Akishamaliza sura, daftari linafungwa, anasimama, anauliza swali kwa sauti ya mwalimu mkali, anajijibu mwenyewe, akikwama anatukana kidogo halafu ndipo anachungulia. Bweni zima lilimcheka. Saa tatu usiku alikuwa amelala, sisi tukiwa ndiyo kwanza tunapanga kalamu. Na alikuwa na kajitabia kengine: somo la leo analigusa tena kesho, kisha baada ya siku kadhaa, kisha wiki ya mbele, dakika chache tu kila mara. Sidhani kama alikuwa amemsikia Ebbinghaus, yule Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akachapisha kwamba usahaulifu hukimbia sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Binti alijua tu kwamba lazima alirudie kabla halijayeyuka.

Mwaka 2013 mwanasaikolojia Dunlosky na wenzake walizipitia mbinu kumi za kusomea. Mbili tu ndizo walizozipa daraja la juu: kujipima, na kuyagawa mazoezi katika siku tofauti. Kupaka rangi na kurudia kusoma viliwekwa daraja la chini. Poleni wauza kalamu.

Mengine nayapitia haraka. Simu ikae chumba kingine, kuilaza kifudifudi hakutoshi. Usingizi ni sehemu ya kusoma, ubongo unayapanga ya mchana wewe ukiwa umelala, kwa hiyo beseni linakuibia mara mbili. Diskasheni ni nzuri, ila ile ambayo mmoja anaeleza na watano wanaitikia "eeh" imemsaidia yule mmoja. Na habari za "mimi ni mtu wa kusikia, siwezi kusoma" tuziache, hazijawahi kupata ushahidi wa maana.

Mwalimu mmoja aliniandikia kwamba watoto wakijipima wanakosea sana, wanavunjika moyo, bora wasome tu. Mwalimu wangu, wakosee wapi basi? Chumbani, ambako hakuna anayetoa alama, kosa ni bure: unafungua kitabu, unasahihisha, na keshokutwa unajiuliza lilelile. Anayezuiwa kukosea humo atakwenda kukosea siku ya mtihani, kwa wino, na msimamizi akimhesabia dakika. Ndiyo, inauma kukaa mbele ya karatasi nyeupe na kuandika mistari miwili kuhusu sura uliyodhani unaijua. Inauma kuliko maji ya baridi. Lakini hiyo mistari miwili inakuambia ukweli, na ile nafasi iliyobaki wazi inakuonyesha pa kusoma usiku huo, kurasa nne badala ya arobaini, halafu ukalale.