Fundi Bomba na Majumba ya Chini kwa Chini

Katika miji mingine fundi bomba hugombana na mwenye nyumba tu, lakini mimi niliyeandikiwa kutafuta riziki Mji Mkongwe wa Zanzibar hulazimika kugombana pia na masultani na Wareno waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa, kwa sababu kila ninapoinua sururu ili nipate pa kulaza bomba la nusu inchi, sururu hudunda juu ya ukuta.

Wala si ukuta wa kupigwa nyundo mara mbili ukaachia. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazopita nusu mita, bila kufikiri kwamba siku moja atakuja maskini mmoja kupitisha maji. Juu ya ardhi chokaa hiyo humomonyoka kila masika na wenye nyumba wakalia. Chini ya ardhi, ambako mimi ndiko ningependa imomonyoke, imekataa kabisa.

Itazame bustani iliyopo kati ya Beit al-Ajaib na Jumba la Makumbusho la Kasri. Mgeni huona majani na kupigwa na upepo wa bahari, akasema hapa palibaki wazi kwa bahati. Mimi naona Beit al-Hukm, kasri lililounganishwa na majirani zake kwa wikio, yaani daraja la juu kwa juu, ili wanawake wa nyumba ya Sultani wapite juu bila kuonekana na watu wa njiani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilimfyatulia mizinga Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha usultani, na vita vikamalizika kwa dakika zipatazo 38. Mahali pa Beit al-Sahel, ambapo leo ndipo lilipo hilo Jumba la Makumbusho, palijengwa tena. Beit al-Hukm haikusimama tena. Dakika 38! Mimi nikiomba kibali cha kufukua hatua tatu za uchochoro husubiri muda ambao Waingereza wangepigana vita vile, wakapumzika, wakavirudia mpaka wakachoka wenyewe. Sikipingi kibali, maana nawajua mafundi wenzangu na mitaimbo yao. Napinga kusubiri nikiwa na njaa.

Wareno ndio wenye inda zaidi. Walijenga kanisa lao pwani, na Waomani walipowafukuza mwishoni mwa karne ya 17 wakaona hasara kuyatupa mawe mazuri, wakaisimamisha Ngome Kongwe papo hapo na kipande cha ukuta wa kanisa wakakiacha humo humo ndani. Wanaakiolojia wamechimba katika ua wa Ngome wakayakuta mabaki ya kanisa hilo. Watu wa kazi hiyo huchimba kwa mwiko mdogo na brashi, wamepiga magoti chini ya turubai, na wakigusa jiwe hushangilia, wakalipiga picha na kuliandikia namba. Jiwe la namna ile ile likinitokea mimi, mwenye nyumba huniuliza kama nimelipwa nilete maji au nilete mawe.

Kuna bi mkubwa mmoja wa Shangani ambaye bomba lake ilinibidi nilipindishe kwa elbo nne, ili likwepe msingi ambao mtaa mzima hakuna aujuaye ulikuwa wa nani. Maji yakimfikia huwa yamechoka.

«Mwanangu,» akaniambia, «huyo marehemu mwenye ukuta, yeye bili ya maji analipa?»

«Hapana, bibi. Yeye ni urithi wa dunia.»

Nikamweleza kwa heshima kwamba tangu mwaka 2000 UNESCO imeuingiza mji wetu katika orodha yake, na kwamba ukuta ule, ingawa haujulikani jina, huenda ukawa na hadhi kutuzidi sisi wawili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga vizuri, akasema basi na awe urithi, lakini malipo ya elbo nne hizo nikaidai dunia, kisha akanilipa bei ya bomba lililonyooka.