Mkaguzi na Kadi ya Shawa

Mkaguzi wa usalama aliyetujia maabarani alikuwa mtu makini kupita kiasi, na haikumchukua muda kulikuta dumu la klorini likiwa rafu moja na chupa za asidi hidrokloriki. Alitueleza, tena kwa haki kabisa, kwamba viwili hivyo vikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu. Akaandika kwenye daftari lake, akasonga mbele.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeketi mbele ya kabati la usalama, mikono yote miwili imo ndani, nikipaka kwenye vioo vya hadubini makohozi ya mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na kifua kikuu. Kazi hiyo haitaki pupa, kwa kuwa ukichomoa mikono ghafla unavuruga pazia la hewa linalozuia vimelea visikufuate usoni. Kwa hiyo yaliyotokea niliyaona kwa pembe ya jicho tu.

Shawa ya dharura, ile ya kumwoshea mtu aliyemwagikiwa na kemikali, ilikuwa kwenye kona, na kadi ya majaribio yake ya kila wiki ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mpini wa kuvutia. (Aliyeifunga pale hajajitokeza hadi leo.) Mkaguzi alitaka kujua tarehe ya jaribio la mwisho, lakini mwandiko ulikuwa mdogo na miwani ilikuwa mfukoni, basi akaishika ile kadi na kuivuta karibu na macho.

Shawa za namna hiyo hutengenezwa kwa kumfikiria mtu ambaye haoni na mikono yake inaungua: vali hufunguka kwa sekunde 1, hubaki wazi yenyewe, na humwaga takriban lita 76 kwa dakika, maana aliyemwagikiwa anatakiwa kuoshwa kwa dakika 15. Kuiachia kadi, basi, hakukumsaidia kitu. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kwa kutu, jambo ambalo jaribio la kila wiki hukusudiwa kulizuia, na shati lake jeupe likageuka rangi ya matofali.

"Funga! Funga, bwana!"

"Nakuja, mzee," nilimjibu, na kweli nilikuwa nakuja, ila kwa utaratibu uleule aliotusomea asubuhi. Nilifunika kopo la makohozi, nikapangusa meza ya kabati kwa dawa, nikavua glovu za nje na kuzitumbukiza kwenye mfuko wa taka hatarishi, nikatoa mikono polepole, nikavua glovu za ndani, nikaelekea kwenye sinki. Mwenzangu alikuwa ameshatoka mbio kutafuta matambara, kwa sababu chini ya shawa ile hapakuwa na tundu la kutolea maji, na ziwa lilikuwa linaelekea kwenye maboksi ya vioo.

"Yaani unanawa?" sauti iliuliza kutoka ndani ya maporomoko.

"Kwa sabuni, mzee. Namalizia."

Nilipousukuma mpini juu na maji kukatika, mkaguzi hakusema neno. Alivaa koti safi la maabara tulilompa, akalikung'uta daftari lake, akaandika kwa mkono unaotetemeka: "Shawa: inafanya kazi. Jaribio la mwisho: leo. Kasoro: maji ni ya baridi mno, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 16 hadi 38 za Selsiasi. Kadi ihamishiwe ukutani."