Chumvi inayoganda inapimwa kwa mizani isiyo yake

Wanaobeza hifadhi ya joto kwa chumvi inayoyeyuka na kuganda wana hoja nzito: mitambo mikubwa ya umeme wa jua haikuichagua. Kila mtambo wa Andasol, Hispania, una tani 28,500 za chumvi isiyoachwa igande, inayosukumwa kati ya tangi la nyuzi 292 na la nyuzi 386. Kwenye mitambo ya mnara, ambako vioo huelekeza jua kileleni mwa mnara, chumvi ya aina hiyo hupandishwa kutoka 290 hadi 565, kila kilo ikabeba kilojuli 410 hivi. Nitreti ya sodiamu inapoyeyuka, kwenye nyuzi 306, humeza kama 175 tu. Mjadala umekwisha.

Kwa umeme, ndiyo. Lakini kiwanda cha nguo au sabuni pale Chang'ombe, Dar es Salaam, kina haja gani na nyuzi 565? Kinataka mvuke wa baa 10 kwenye geji, nyuzi 184, usioyumba. Maji yakichemka hayapandi joto. Chumvi ikiganda haishuki joto. Hapo ndipo vinapooana. Tangi la maji moto yenye presha, mshindani wake wa karibu, hupoteza presha kadiri unavyochota mvuke.

Tani moja ya mvuke kwa saa, maji yakiingia na nyuzi 80, inadai kilowati 680. Chukua mchanganyiko wa nitreti za sodiamu na potasiamu unaoyeyuka kwenye nyuzi 222. Ukihesabu na nyuzi 20 juu na 20 chini ya hapo, kilo moja inatoa kilojuli kama 168. Saa mbili za mvuke ni tani 30 za chumvi, mzigo wa lori moja kubwa.

Kinachowaangusha wengi si uzito. Chumvi huanza kuganda kwenye bomba lenyewe, na ganda hilo linazuia joto kama blanketi. Bomba la milimita 25 likishavikwa sentimita 1 ya ganda, kwa tofauti ya nyuzi 40, mita moja hupitisha wati 210 hivi. Kilowati 680 zinataka zaidi ya kilomita 3 za bomba! Dawa ni mapezi ya alumini, yaani mabamba membamba yanayotokeza kwenye bomba, ambayo hupitisha joto mara mamia kuliko chumvi. Yabanwe kwa vibanio vya springi, yasichomelewe, maana alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Carboneras, Hispania, mwaka 2010, tani 14 za nitreti ya sodiamu zilijaribiwa kwa mapezi ya alumini na mvuke wa kweli.

Wapinzani wako sahihi kuhusu anga la Dar: vioo vinavyokusanya jua hutaka miale ya moja kwa moja, na masika huinyima. Boila ya gesi haiondoki. Na siku chumvi imeganda yote, usianze kuipasha kutoka chini. Ikiyeyuka huvimba, na ikikosa njia ya kupanda juu, itapasua bomba.